Nimewaahidi watu nusu marathoni, na ugoko umeanza kuuma

Swali: Kocha, habari za kazi. Nina miaka 38 na sijawahi kushiriki mbio zozote. Hivi karibuni nilijiandikisha nusu marathoni ili nichangishe fedha kwa ajili ya kituo cha tiba shufaa kilichomhudumia mama yangu hadi alipofariki. Zimebaki wiki 16. Nilianza kwa bidii, kila siku kilomita 3 au 4 kwa kasi yote niliyo nayo, na sasa, wiki ya tatu, ugoko wa mguu wa kulia unaniuma kwa upande wa ndani. Nimeshatangaza kwa kila mtu na michango imeanza kuingia. Mjomba ameahidi kutoa kiasi fulani kwa kila kilomita nitakayokimbia. Nikiacha nitaonekana tapeli, nikiendelea naogopa kuumia. Je, wiki 16 zinatosha? Na hili deni la michango nilibebeje?

Jibu: Dada, pole kwa kumpoteza mama, na pole kwa mguu. Wiki 16 zinatosha, hata tukitoa mbili za mwanzo kwa ajili ya kuutuliza huo ugoko. Umbali wenyewe, kilomita 21 na mita 97 na nusu, haunitii wasiwasi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba umezifunga fedha na miguu yako katika ahadi moja. Mtu anayekimbia kwa ajili yake mwenyewe akiumwa hupumzika. Anayekimbia kwa jina la marehemu mama yake, huku watu wameshatoa fedha, hujikaza, na kujikaza ndiko kunakogeuza maumivu ya wiki mbili yakawa ya miezi mitatu. Kwa hiyo kazi yetu ni kuzitenganisha ahadi hizo mbili mapema, na nitafika huko. Kwanza mguu, maana huo hausubiri.

Kaa chini, kunja goti, kisha pitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko, kuanzia juu ya kifundo ukipanda. Kama maumivu yametandaa kwenye sehemu ndefu, tuseme sentimita 5 au zaidi, na huwa makali unapoanza kukimbia kisha hupungua mwili ukipata joto, basi una tatizo la kawaida kabisa kwa wanaoanza kukimbia: mfupa na nyama zilizoshikana nao vimepewa mzigo kabla havijawa tayari. Lakini kama kidole kinakuta nukta moja inayokufanya ushtuke, kama mguu unauma hata usiku umelala, au ukijaribu kuruka juu kwa mguu huo mmoja unashindwa kutua kwa maumivu, usikimbie hata hatua moja. Nenda kwa daktari, kwa sababu huenda mfupa umeanza kupata ufa. Mweleze wazi kwamba uliongeza mazoezi ghafla. Eksirei katika wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, na watu hurudi nyumbani wakiamini wamepona. Kipimo cha MRI, kinachopiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku, ndicho huuona ufa wa namna hiyo mapema. Mwambie pia kama umekuwa ukijinyima chakula ili upungue, au kama hedhi imeruka miezi. Mwili usiopewa chakula cha kutosha hubana matumizi, na mfupa ni miongoni mwa vinavyokatiwa fungu.

Kwa nini iwe wiki ya tatu, wakati pumzi ndiyo kwanza imeanza kukaa vizuri? Kwa sababu viungo havijifunzi kwa kasi moja. Ndani ya wiki chache moyo na damu huwa vimeshazoea, nawe unajiona una nguvu. Mfupa unaenda kwa ratiba yake: ukipewa mzigo mpya, kwanza huondoa sehemu zilizochoka, ndipo hujenga mpya, na kujenga huchukua miezi. Katikati hapo kuna kipindi ambacho mfupa umebomolewa kidogo na bado haujajengwa. Wewe ulikipita kipindi hicho ukikimbia kila siku, bila siku ya mapumziko, tena kwa kasi yako yote.

Kwa hiyo, kama ni lile tatizo la kawaida, wiki mbili zijazo hukimbii. Endesha baiskeli, ogelea, au tembea kwa haraka mradi mguu haulalamiki, mara nne kwa wiki, dakika 30 hadi 45. Utarudi kukimbia siku utakayoweza kutembea kwa kasi dakika 45 bila maumivu na kuruka kwa mguu mmoja bila kukunja uso. Kuanzia hapo, kipimo chako ni asubuhi inayofuata: ugoko ukiamka mtulivu, ulichofanya jana kilikuwa sawa, ukiamka unauma kuliko ulivyokuwa kabla, ulizidisha, na zoezi linalofuata linapunguzwa au linaachwa.

Sasa mwendo. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukataa kunisikiliza. Karibu mazoezi yako yote kati ya sasa na siku ya mbio yafanyike kwa mwendo ambao unaweza kumsimulia mtu kisa kizima, sentensi baada ya sentensi, bila kuhema katikati. Ukibaki na maneno matatu kwa pumzi moja, umezidisha. Utaona aibu. Kuna siku mtu anayetembea kwa haraka atakupita, na hakuna ubaya. Mwendo huo wa pole ndio unaoongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli na kuufundisha mwili kutumia mafuta yake, na ndio pekee utakaokuruhusu kukimbia tena keshokutwa. Kasi yako yote inakuchosha kwa kilomita 3. Haikufikishi 21.

Na tembea. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya mwaka 1972, alianza miaka ya 1970 kuwafundisha wanaoanza kuchanganya kukimbia na kutembea kwa vipindi vilivyopangwa, na tangu hapo watu wengi wamemaliza mbio ndefu kwa njia hiyo. Siri yake ni kutembea kabla hujachoka. Anayesubiri hadi miguu igome ndipo atembee, huwa anatembea kilomita zote zilizobaki. Wewe anza na dakika 2 za kukimbia na 1 ya kutembea, tangu dakika ya kwanza ukiwa bado mbichi, na baadaye 4 kwa 1. Kama utakimbia siku ya mbio kwa mpango huo huo, ni nusu marathoni kamili, hakuna anayekata alama.

Mpango wenyewe ni siku tatu za kukimbia kwa wiki, zisizofuatana: mbili fupi za dakika 30 hadi 45, na moja ndefu. Hiyo ndefu ndiyo roho ya mpango, nyingine zinaisaidia tu. Tukihesabu kuanzia leo, wiki ya 3, ndefu yako ni kilomita 4. Ya 4 ni 5, ya 5 ni 6, kisha wiki ya 6 unarudi 5 ili mwili upate nafasi. Wiki ya 7 ni 8, ya 8 ni 9, ya 9 ni 11, ya 10 unarudi 8. Wiki ya 11 ni 12, ya 12 ni 14, ya 13 unarudi 10, na wiki ya 14 unafika 16 au 17. Hapo ndipo kilele, siku 14 kabla ya mbio. Wiki ya 15 ni 10, na ya 16 unakimbia dakika 20 au 25 mara mbili, za kunyoosha miguu tu, kisha unaingia kwenye mbio. Huhitaji kukimbia 21 mazoezini. Kilomita nne au tano za mwisho zitabebwa na miguu iliyopumzika pamoja na watu watakaokuwa wanakushangilia, na mzigo wa kufanya 21 mapema ni mkubwa kuliko faida yake.

Utaambiwa kuhusu kanuni ya kutozidisha asilimia 10 kwa wiki. Si mbaya, ila haina miujiza inayosifiwa nayo. Watafiti wa Uholanzi mwaka 2008 waliwalinganisha wakimbiaji wapya waliofuata mpango wa taratibu wa wiki 13 uliojengwa juu ya kanuni hiyo na wenzao waliotumia mpango wa kawaida wa wiki 8, na idadi ya walioumia haikutofautiana. Mimi naamini zaidi zile wiki za kurudi nyuma na ile asubuhi inayofuata kuliko hesabu za karatasi. Ukikosa mazoezi ya wiki moja kwa homa au kazi, endelea na ratiba ilipo. Usilipize kwa kukimbia mara mbili.

Siku mbili kati ya zile usizokimbia, tumia dakika 15 kuimarisha miguu: nyanyua visigino ukiwa umesimama, mguu mmoja mmoja, hadi vigimbi vichoke, kaa na usimame kwenye kiti bila kushika, simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki. Unapokimbia, fupisha hatua na uziongeze idadi kidogo, mguu utue karibu chini ya mwili badala ya mbele yake. Viatu: chagua vinavyokaa vizuri mguuni vikiwa na nafasi ya upana wa kidole mbele ya vidole vyako, na basi. Bei haikimbii.

Kuhusu chakula na maji, nitasema yale tu yanayoharibu siku za watu. Mbio zako zitachukua zaidi ya saa mbili na nusu, na sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli haitoshi muda huo kwa raha. Ukianza mazoezi marefu yanayozidi dakika 90, jizoeze kula au kunywa wanga wa gramu 30 hadi 60 kwa saa, kwa kitu chochote ambacho tumbo lako linakipokea. Tumbo nalo hufundishwa. Jeli ya nguvu unayopewa njiani kwa mara ya kwanza siku ya mbio ni kamari. Maji kunywa kwa kiu. Watu wa mwendo wa pole, wanaopita kila kituo cha maji na kunywa kwa hofu, ndio walio katika hatari ya chumvi ya damu kushuka mno. Kwenye Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti waliwapima wakimbiaji 488 waliomaliza na kukuta asilimia 13 wana tatizo hilo. Linaweza kuua. Na tafadhali usimeze dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen kabla ya kukimbia au njiani: huzibebesha figo mzigo wakati damu imeelekezwa kwenye misuli, na hukuficha habari ambayo ugoko unajaribu kukupa. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au moyo kwenda mbio bila mpangilio wakati wa mazoezi, simama na umwone daktari kabla ya kurudi.

Tuje kwenye fedha.

Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa saratani, alianza kukimbia kuvuka nchi yake kutoka mashariki kwenda magharibi ili kuchangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huo. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, kisha akalazimika kuacha kwa sababu saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Hakufika bahari ya upande wa pili. Hadi Februari 1981 michango ilikuwa imezidi dola milioni 24, takribani dola moja kwa kila Mkanada. Sikutajii kisa hiki ili ukimbie ukiumwa, la hasha. Nakitaja kwa sababu sijasikia aliyedai chake kirudishwe kwa kuwa safari haikukamilika. Watu walitoa kwa ajili ya saratani. Mbio zilikuwa njia ya kuwafanya wasikilize.

Wachangiaji wako wako hivyo hivyo, ila lazima uwaambie hivyo wewe, leo, kabla mguu haujaharibika zaidi. Waandikie jambo kama hili: "Fedha zenu zinakwenda kwenye kituo moja kwa moja na zitafanya kazi kule vyovyote itakavyokuwa. Nafanya mazoezi kwa nguvu zangu zote. Mguu ukinizuia, nitatembea au nitaahirisha, nami nitawaambia." Tapeli ni anayeficha. Anayesema mapema hana la kuonewa aibu.

Na ongea na mjomba. Siipendi kabisa ahadi ya kulipa kwa kila kilomita, ingawa huwa inatolewa kwa moyo mzuri. Fikiria uko kilomita ya 17, mfupa umeanza kuuma kwa nukta moja, na kichwani unapiga hesabu ya kiasi gani kituo kitakosa ukisimama. Hakuna anayeamua vizuri katika hali hiyo. Mwombe, kwa heshima yake, ageuze ahadi kuwa kiasi kimoja kamili, na ikiwezekana akitoe sasa. Nina hakika akielewa sababu hatakataa. Aliyekuahidi fedha hizo hakutaka uvunjike mguu.

Kisha soma karatasi ulizosaini. Kuna anayejilipia nafasi ya kushiriki na kuchangisha kadiri atakavyoweza, na kuna anayepewa nafasi na shirika kwa sharti la kufikisha kiasi fulani, na wakati mwingine sharti hilo linasema upungufu utaufidia mwenyewe. Kama uko kundi la pili, uliza kwa maandishi: nikiumia, nafasi yangu inaweza kusogezwa hadi mwakani? Kiasi cha chini kinabaki vile vile? Mwisho wa kuwasilisha ni lini? Wenye kazi ya kupokea michango huulizwa maswali haya kila msimu.

Fedha zenyewe zisipite mikononi mwako ikiwa inawezekana. Ziingie kwenye akaunti ya kituo au kwenye ukurasa wao wa kuchangia, na kila anayetoa apate risiti kutoka kwao. Mtu akikupa taslimu, iandike siku hiyo hiyo na uiwasilishe ndani ya wiki. Ada ya kujiandikisha na viatu lipa kwa fedha yako. Ukiona huna budi kutumia sehemu ya michango, liseme kabla watu hawajatoa.

Na jinsi ya kuomba: tangazo la jumla kwenye kundi lenye watu mia huleta vidole gumba vingi na fedha kidogo. Anza na watu watano wa karibu, mmoja mmoja, kwa jina, wale waliomjua mama. Kiasi cha kwanza kinachoonekana kwenye orodha ndicho wanaofuata hujilinganisha nacho, kwa hiyo waombe wanaoweza kutoa zaidi watangulie. Uliza kituo fedha hufanya nini hasa, dawa za kutuliza maumivu za mgonjwa mmoja kwa mwezi au safari za muuguzi kwenda majumbani, na uwape watu picha hiyo badala ya lengo kubwa lisilo na sura. Kila baada ya wiki tatu au nne waeleze mazoezi yanakwendaje, pamoja na siku mbaya. Wengi watatoa wiki ya mwisho, wengine baada ya kuona picha yako na namba kifuani, kwa hiyo usikate tamaa mapema wala usifunge ukurasa siku ya mbio.

Siku yenyewe simama nyuma, mbali na wenye haraka. Kilomita tano za kwanza zitakuhadaa. Miguu imepumzika, watu wanapiga makofi, na utajikuta unakimbia kama wiki yako ya kwanza. Kwa mwendo wa dakika 8 kwa kilomita, kutembea kukiwemo, utamaliza kwa kama saa 2 na dakika 49. Angalia mapema waandaaji wanafunga njia saa ngapi, na kama muda wao ni mfupi kuliko huo, uliza mapema kama kuna mbio za kilomita 10 siku hiyo unazoweza kuhamia. Paka mafuta mazito kwapani, katikati ya mapaja na popote nguo inaposugua. Ukipata maumivu ya mfupa yanayokubadilisha namna ya kukanyaga, nenda kituo cha huduma ya kwanza, na usijadiliane nayo.

Jioni, kabla hujalala, tuma ujumbe mmoja kwa wote waliochangia: umefika wapi, fedha zimefika ngapi, na ukurasa utafungwa lini. Ukifungwa, tuma jumla kamili kama ilivyothibitishwa na kituo. Wiki moja baada ya hapo tembea tu, na ugoko uupime tena kwa kidole kabla ya kujiandikisha mbio nyingine.